Neno "Jinsia" katika Sheria: Kinga ya Mtu Dhidi ya Ubaguzi, kwa Kutazama Mpanda na Mkoa wa Katavi

Katika makala haya nakusudia kueleza neno moja la sheria, nalo ni "jinsia", na kuonyesha kwamba upana wa neno hilo ndio upana wa kinga anayoipata mtu anapobaguliwa. Swali lililoniongoza ni hili: mtu akaaye Mpanda, ambaye hali ya nafsi yake kuhusu kuwa mwanamume au mwanamke hailingani na ile iliyoandikwa katika cheti chake cha kuzaliwa, akikataliwa kazi au chumba cha kupanga kwa sababu hiyo, je, ipo sheria ya kumkinga? Mwanasheria atajibu kwa ufupi kwamba hakuna sheria ya Tanzania iliyolitaja jambo hilo waziwazi. Jibu hilo ni la kweli, lakini si jibu kamili. Neno "jinsia" limo katika Katiba, na Katiba yenyewe haikulieleza mpaka wake. Basi kabla ya kusema kwamba mtu huyu yumo au hayumo ndani ya ua, yatupasa kwanza kujua ua wenyewe umepita wapi; na kazi hiyo ni ya mwanalugha kama ilivyo ya jaji.

Msomaji aweza kuuliza kwa nini nimeichagua Mpanda, wala si Dar es Salaam au Nairobi ambako mambo haya husemwa zaidi. Sababu ni mbili. Ya kwanza ni kwamba katika mkoa kama Katavi sheria humfikia mtu kwa Kiswahili tu. Mkoa huu ulitengwa na Rukwa mwaka 2012, na makao yake makuu yakawekwa Mpanda, mji uliokua kwa reli ya kutoka Kaliua na kwa madini ya risasi. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 564,604. Ile ya 2022 ilihesabu 1,152,958, zaidi ya mara mbili kwa miaka kumi. Humo wamo Wabende, Wakonongo, Wapimbwe na Wafipa, wamo Wasukuma waliofuata malisho na mashamba, na wamo watu wenye asili ya Burundi waliopokewa Katumba na Mishamo katika miaka ya 1970, ambao wengi wao walipewa uraia baadaye. Mahali penye lugha nyingi namna hiyo, lugha ya baraza ni moja. Mahakama ya mwanzo husikiliza mashauri kwa Kiswahili, baraza la ardhi la kijiji hali kadhalika, na polisi huandika maelezo ya mlalamikaji kwa Kiswahili. Mwanamke wa Mlele akienda kituoni kushtaki, haendi kutafuta "gender". Huelekezwa kwenye Dawati la Jinsia na Watoto.

Sababu ya pili ni kwamba suala la jinsia katika Katavi si suala la vitabuni. Uchunguzi wa taifa wa afya na idadi ya watu wa 2015 na 2016 ulionyesha kwamba katika kila wasichana 100 wa mkoa huo wenye umri wa miaka 15 hadi 19, wapatao 45 walikuwa wamekwisha kuzaa au walikuwa na mimba ya kwanza. Hesabu ya nchi nzima ilikuwa 27. Hakuna mkoa uliopita Katavi mwaka ule. Nitarudi kwa wasichana hao, maana kwao ndiko neno hili lilikopimwa kwanza.

Sasa tulitazame neno lenyewe. "Jinsi" ni neno la Kiarabu, "jins", ambalo Waarabu walilipata kwa njia ya Kiaramu kutoka Kiyunani, "genos", maana yake nasaba au aina. Kilatini kina ndugu yake neno hilo, "genus", na kwa kupitia Kifaransa cha kale Waingereza wakapata "gender". Kwa hiyo wale wanaosema kwamba "jinsi" na "gender" hayana uhusiano wowote wamekosea kidogo: ni binamu waliopoteana njiani, mmoja akapita Sham na Arabuni, mwingine akapita Roma. Katika Kiswahili "jinsi" ilibaki na maana ya aina, kama tusemavyo watu wa jinsi nyingi, kisha ikapata maana ya namna au njia, kama jinsi ya kupika, na tena maana ya hali ya kiumbe kuwa dume au jike. "Jinsia" nalo limetoka katika mzizi huo huo. Katika Kiarabu cha leo "jinsiyya" ni uraia. Mswahili aliyekulia Muscat akiulizwa "jinsia" yake katika ofisi ya serikali ataonyesha pasipoti, wala hatasema kama ni mume au mke. Sisi wa Afrika ya Mashariki tuliligeuza neno likaenda upande mwingine kabisa.

Inafaa pia kukumbuka kwamba lugha zetu hazina haja kubwa ya jambo hili katika sarufi. Kiswahili husema "amekuja" bila kujali aliyekuja ni nani, na ndivyo zilivyo Kibende, Kipimbwe, Kisukuma na Kirundi. Ngeli zetu, ambazo wanasarufi wa Ulaya waliwahi kuziita kwa neno lile lile la "gender", hugawa watu, miti na vitu, hazigawi waume na wake. Sheria ya Kiingereza iliandika "he" kwa miaka mingi na kuhitaji kifungu cha kusema kwamba mwanamke naye yumo. Sheria ya Kiswahili huandika "mtu" na kazi ikaisha. Sisemi kwamba kwa sababu hiyo hatukubagua. Tumebagua sana, na mkono wenye nguvu tuliuita wa kuume. Nasema tu kwamba pale ambapo lugha ilikuwa imenyamaza, sheria imelazimika kuingiza neno, na neno lililoingizwa ni geni kwa umri ingawa ni la zamani kwa asili.

Umri wake katika sheria waweza kutajwa kwa mwaka. Haki za binadamu ziliingizwa katika Katiba ya Jamhuri ya Muungano mwaka 1984. Ibara ya 13 ilikataza ubaguzi, na kijifungu chake cha 5 kikaeleza maana ya "kubagua" kwa kutaja misingi: utaifa, kabila, pahala mtu alipotokea, maoni ya kisiasa, rangi, dini na hali ya maisha. Jinsia haikuwamo. Ibara ya 9 ilisema juu ya raia wote, "wake kwa waume", msemo mzuri wa Kiswahili cha pwani, lakini ibara hiyo ni ya malengo ya serikali, si ya haki zinazodaiwa mahakamani. Mwaka 2000 ndipo mabadiliko ya kumi na tatu yalipoongeza neno "jinsia" katika orodha ya ibara ya 13.

Mwaka huo huo serikali ilitoa Sera ya Maendeleo ya Wanawake na Jinsia. Hapa ndipo penye kiini cha shida. Katika sera, "jinsia" ilisimama badala ya neno la Kiingereza "gender", yaani mahusiano na majukumu ambayo jamii huwapa wanaume na wanawake. Ndiyo maana waliyoieneza watu wa Mtandao wa Jinsia Tanzania tangu 1993, wakilitenga neno hilo na "jinsi", ambalo waliliachia maumbile ya mwili. Katika Katiba, neno lile lile, mwaka ule ule, liliandikwa kwa Kiingereza "sex". Serikali moja, mwaka mmoja, neno moja, na maana mbili. Sidhani kama kulikuwa na hila. Nadhani ni kwamba mwandishi wa Katiba aliyatafuta maneno kwa wananchi, na mwandishi wa sera akayatafuta kwa wataalamu.

Baada ya hapo sheria ziliendelea kutungwa kwa Kiingereza, na kila moja ikafuata njia yake. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 7, inakataza mwajiri kumbagua mwajiriwa, na katika orodha yake ndefu imeweka "sex" na "gender" kama misingi miwili iliyo mbalimbali, kila mmoja na herufi yake, kisha ikaongeza mimba, hali ya ndoa, ulemavu, virusi vya ukimwi, umri na mengineyo. Sheria ya Mtoto ya 2009 imetaja "gender" peke yake, na pamoja nayo ikataja hata hali ya kuwa mkimbizi, jambo lenye uzito kwa watoto wa Katumba na Mishamo. Mtu akizisoma sheria hizi tatu kwa Kiingereza ataona misingi miwili inayoingia na kutoka: katika Katiba uko mmoja, katika Sheria ya Mtoto uko mwingine, katika sheria ya kazi iko yote miwili. Akizisoma kwa Kiswahili cha kila siku ataona "jinsia", "jinsia", na "jinsia na jinsia".

Kuna mzigo wa tatu ambao neno hili limebebeshwa. Watu husema "ukatili wa kijinsia" kwa kipigo cha mume na kwa ubakaji pia, na husema "mwelekeo wa kijinsia" kwa habari ya nani humpenda nani kimwili. Hivyo "kijinsia" imekuwa neno la adabu la kukwepa kusema "ngono". Ni desturi nzuri ya ulimi, lakini imeleta hasara. Anapotajiwa "utambulisho wa kijinsia", msikilizaji wa Mpanda hufikiri kwanza chumba cha kulala, ilhali jambo linalosemwa ni jinsi mtu anavyojijua na kujitambulisha, kwamba ni mwanamume, au ni mwanamke, au si mmoja wa hao kwa ukamilifu. Dhana hiyo yenyewe si ya zamani hata kwa wenye lugha ya Kiingereza. Istilahi yake ilianza kuandikwa na waganga wa nafsi wa Marekani mwaka 1964. Lakini watu wanaoelezwa na istilahi hawakuzaliwa mwaka huo. Kiswahili kilikuwa na neno "huntha", kutoka Kiarabu, kwa mtu aliyezaliwa na maumbile yasiyo wazi ya kiume au ya kike, na fikihi ya Kishafii inayofuatwa pwani ilikuwa na hukumu yake ya mirathi: apewe kile kilicho yakini, na kilichobaki kingojewe mpaka hali itakapobainika. Yafaa kuangalia kwamba hukumu hiyo haikumnyima huntha urithi kwa kisa cha kutokuwa na safu yake katika daftari. Ni kweli kwamba huntha na mtu wa utambulisho ulio tofauti si kitu kimoja, maana la kwanza ni jambo la mwili na la pili ni la nafsi. Nimemtaja kwa sababu anaonyesha kwamba sheria iliwahi kukutana na mtu asiyeingia katika mafungu mawili, ikatafuta la kufanya.

Turudi mahakamani tuone neno limetenda nini. La kwanza la kushangaza ni kwamba ubaguzi wa wanawake ulikatazwa na mahakama hata kabla neno halijaingia. Mwaka 1990, katika shauri la Ephrahim na Pastory, Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu ya Mwanza aliamua kwamba mila ya Kihaya iliyomzuia mwanamke kuuza ardhi ya ukoo ilikwenda kinyume cha Katiba. Orodha ya ibara ya 13 haikuwa na jinsia wakati ule. Jaji alitegemea kijifungu kinachokataza ubaguzi kwa jumla, na ibara ya 9 inayoelekeza kufuata Tangazo la Ulimwengu la Haki za Binadamu, na mikataba ambayo nchi ilikuwa imeitia sahihi. Yaani hakuichukua orodha kuwa ukuta. Hoja hiyo ni ya maana kubwa kwetu, na nitaikumbusha tena.

La pili ni shauri la ndoa. Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 13 na cha 17, iliruhusu msichana aolewe akiwa na miaka 15 kwa idhini ya mzazi, na hata 14 kwa amri ya mahakama, ilhali mvulana alitakiwa afike 18. Rebeca Gyumi alifungua shauri, Mahakama Kuu ikampa ushindi mwaka 2016, Serikali ikakata rufani, na tarehe 23 Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikauthibitisha uamuzi kwamba vifungu hivyo ni vya kibaguzi na vinapingana na Katiba. Hapa neno "jinsia" lilifanya kazi yake iliyokusudiwa. La tatu ni shule. Kwa miaka mingi msichana aliyepata mimba alifukuzwa, na aliyempa mimba, hata akiwa mwanafunzi wa darasa la pili yake, aliendelea na masomo. Novemba 2021 serikali ilitangaza kwamba msichana aliyejifungua aweza kurudi katika shule ya kawaida, na mwaka uliofuata kamati ya Afrika ya wataalamu wa haki za mtoto ikaamua kwamba kule kufukuzwa kulivunja haki zake. Ukizipima hesabu za Katavi nilizozitaja juu, utaona kwamba pengine hapana mkoa ambao tafsiri hii ya neno ilikuwa na faida nyingi kama huo.

Angalia vizuri, lakini, ni tafsiri gani. Msichana wa Nsimbo hakufukuzwa kwa maumbile yake tu. Alifukuzwa kwa sababu jamii ina sura fulani ya msichana anavyopaswa kuwa, naye alionekana ameivunja. Mvulana hana sura ya namna hiyo ya kuvunja. Kwa maneno ya wataalamu, hilo ni jambo la "gender" kuliko la "sex". Basi tayari mazoea yetu yamelipeleka neno la Katiba mbele ya maumbile ya mwili, hata kama Kiingereza chake kimebaki nyuma. Na kama neno linamlinda mtu asiadhibiwe kwa kutofuata sura ya msichana aliyotungiwa, ni vigumu kuona kwa mantiki gani linasimama ghafula mbele ya mtu mwingine anayeadhibiwa kwa kutofuata sura ya mwanamume aliyotungiwa.

Natoa mfano wa kubuni. Mtu ameandikishwa "Me" katika cheti, naye tangu utotoni amejijua kuwa mwanamke na huishi hivyo. Anauza nguo katika duka moja la Mpanda, kazi yake haina kasoro. Mwenye duka akapata kujua habari za cheti, akamfukuza siku ile. Akipeleka shauri katika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, wakili wake atasoma kifungu cha 7 cha Sheria ya Ajira, na kwa Kiingereza ana milango miwili ya kugonga. Ule wa "sex" ataambiwa si wake, kwa hoja kwamba mwenye duka hachukii wanaume wala wanawake. Ule wa "gender" una nafasi: amefukuzwa kwa sababu ya jinsi anavyovaa, anavyojiita na anavyotarajiwa kuwa. Kwa Kiswahili chenye neno moja tu, mlango huo wa pili hauonekani. Sitaki kumdanganya msomaji kwamba kwa Kiingereza angeshinda. Mwajiri angetaja maadili ya jamii, ambayo ibara ya 30 ya Katiba imeyapa nafasi ya kuwekea haki mipaka; angetaja labda na Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 154, ingawa kifungu hicho huadhibu tendo na hakisemi lolote juu ya mtu kujijua nani. Nasema tu kwamba angalau hoja ingesikilizwa.

Wako waliopendekeza kwamba mambo ya namna hii yaanzie mijini, kwa sheria ndogo. Mfano wao ni Minneapolis, Marekani, mji ambao mwaka 1975 uliweka kinga ya kwanza ya aina hii. Na namna ulivyofanya yapendeza kwa mwanalugha, kwani madiwani hawakuandika msingi mpya, bali waliupanua ufafanuzi wa msingi waliokuwa wakiuweka, mpaka ukamchukua na mtu ambaye sura anayojionea hailingani na uume au uke wa mwili wake. Njia hiyo haipitiki Mpanda. Halmashauri ya Manispaa hutunga sheria ndogo za soko, usafi, ushuru na mifugo kwa mamlaka iliyopewa na Bunge mwaka 1982. Sheria hizo huhitaji kibali cha waziri, wala haziwezi kuipita sheria mama. Kwetu kinga hushuka kutoka Katiba, haipandi kutoka mjini.

Kenya imejaribu njia nyingine mbili, na zote mbili zatufundisha. Ya kwanza ni shauri la Audrey Mbugua dhidi ya Baraza la Mitihani. Alitaka cheti chake cha mtihani wa sekondari kibadilishwe jina na alama ya jinsia. Oktoba 2014 Mahakama Kuu ya Nairobi iliamuru apewe cheti kisicho na alama hiyo kabisa, kwa kuwa kanuni za Baraza hazikuitaka, na maksi za mtihani hazitegemei mtu ni mume au mke. Mahakama haikulipanua neno; ililifuta mahali ambapo halikuwa na kazi. Ni hekima iliyo karibu sana na tabia ya Kiswahili, kisemacho "amefaulu" bila kuuliza zaidi. Ya pili ni uamuzi wa Mahakama ya Juu wa tarehe 24 Februari 2023, kuhusu kuandikishwa kwa chama. Majaji watatu kati ya watano walisema kwamba neno "sex" katika ibara ya 27 ya Katiba ya Kenya lachukua na mwelekeo wa mapenzi. Wengi walishangaa, aliyeisoma ibara yenyewe hakushangaa mno. Ibara hiyo hukataza ubaguzi kwa msingi wowote, "pamoja na" ile inayotajwa. Orodha yake ni ya mifano. Ya Tanzania imeanza kwa kusema kwamba kubagua "maana yake ni" kadha wa kadha. Hiyo ni lugha ya kufunga. Hapa basi tofauti ya nchi mbili jirani haiko katika neno "jinsia" hata kidogo. Iko katika viunganishi. Na hapa ndipo ninapomkumbusha msomaji Jaji Mwalusanya, ambaye orodha iliyofungwa haikumzuia.

Tangu 2021 jambo hili limekuwa la haraka. Sheria Na. 1 ya mwaka huo ilifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama za ngazi zote, na kazi ya kuzigeuza sheria za Kiingereza ikaanza. Mwaka 1965 Profesa Weston, mkuu wa kwanza wa kitivo cha sheria Dar es Salaam, aliandika juu ya matatizo ya kuiweka sheria katika Kiswahili. Wakati ule ilidhaniwa kwamba shida ni upungufu wa maneno. Leo maneno tunayo, na shida ni kwamba tuna neno moja mahali penye haki mbili. Mfasiri atakayefika kifungu cha 7 cha Sheria ya Ajira atakuwa na njia tatu. Aweza kuandika "jinsia" mara moja, akidhani kwamba Kiingereza kimerudia bure; hapo atakuwa amefuta msingi mmoja wa haki bila Bunge kupiga kura. Aweza kuandika "jinsi" kwa mwili na "jinsia" kwa mahali pa mtu katika jamii, kama wafanyavyo wanaharakati. Au aweza kueleza kwa maneno zaidi.

Mimi napendelea njia ya pili, pamoja na kasoro yake. Kasoro ni kwamba "jinsi" katika kinywa cha mtu wa kawaida ni "namna" kwanza, na hakimu wa Inyonga akisoma "asibaguliwe kwa jinsi" huenda akangoja sentensi iendelee: jinsi gani? Lakini kasoro hiyo huondolewa na kifungu cha tafsiri mwanzoni mwa sheria, chenye mistari miwili tu. Tena njia hiyo ingelazimu Katiba nayo isomwe upya: kama "jinsi" ni mwili, basi Katiba, iliyoandika "jinsia", haikusema mwili peke yake, na Kiingereza chake ndicho kilichopotoka, maana marekebisho yale ya 2000 yalitungwa kwa Kiswahili. Wako watakaoikataa hoja hii kwa kusema kwamba wabunge wa mwaka ule hawakufikiria hata kidogo utambulisho wa mtu. Ni kweli hawakufikiria. Wala wale wa 1984 hawakumfikiria mwanamke wa Kihaya na shamba la ukoo wake.

Pamebaki jambo dogo la fomu. Katika karatasi nyingi za serikali, kuanzia uandikishaji wa shule hadi maombi ya kiwanja, kuna nafasi ya kuandika "Me" au "Ke". Juu ya nafasi hiyo fomu moja huandika "Jinsi", nyingine "Jinsia", na karani huzijaza zote namna moja. Kama maneno hayo mawili yatatenganishwa katika sheria, itabidi mtu aamue ni lipi lisimame juu ya nafasi ile, na katika fomu zipi, kama alivyouliza jaji wa Nairobi, nafasi yenyewe ina kazi gani.